Eti Mvua Ikinyesha Mwanza Hakuna pa Kwenda!

Najua nimepotea. Testi zilinibana, na kompyuta ya kuazima nayo ina mwenyewe. Leo nimerudi, ila sijarudi kwa amani, kwa hiyo asiyependa kelele apite tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi iliyopita darasa letu lilikuwa na safari. Watu tumechanga kwenye bumu lile lile la kuungaunga, Coaster imekodiwa, ratiba imebandikwa: asubuhi Kisiwa cha Saanane, mchana Jiwe la Bismarck, picha, nyama choma, picha tena, kurudi. Saa kumi alfajiri mvua ikaanza. Na mvua ya Kirumba, kwa sie tuliopanga huku, huna haja ya kuchungulia dirishani. Unaisikia kwenye bati mpaka mwenzako akiongea unamwona mdomo tu. Halafu maji yanaanza kushuka kutoka kwenye mawe huko juu, yanapita katikati ya nyumba na chupa, malapa na kila kitu ambacho watu wa mlimani wameamua hawakihitaji tena.

Saa moja kasoro CR wetu akatuma ujumbe kwenye grupu la darasa. Safari imeahirishwa, "maana mvua ikinyesha Mwanza hakuna pa kwenda". Sasa kuahirisha boti ya Saanane kwenye radi sina ugomvi nako kabisa. Boti ni boti, na sisi watu wa ziwa hili tangu MV Bukoba mwaka 1996 tuna sababu ya kuyaheshimu maji. Ugomvi wangu ni hayo maneno ya mwisho.

Kama vile yalikuwa hayatoshi, mwenzetu mmoja akatupia picha. Kaka yake anasoma Italia, na siku hiyo alikuwa katembelea Florence. Picha inaonyesha mtaa wa mawe umelowa, miavuli kibao, watu wamepanga foleni nje ya jumba kubwa wakiwa na nyuso za furaha. Chini kaandika: "Mvua tangu jana, siku tamu kuliko zote." Basi grupu likawaka. "Wenzetu wanaishi." "Sie tumezaliwa kwenye matope." "Mungu naomba passport." Mmoja, tena ni rafiki yangu wa kula naye sahani moja, akaandika kwamba Msukuma mvua ikinyesha kazi yake ni mbili tu, kulima au kulala.

Mimi nikaandika maneno mawili: Twendeni Bujora.

Jamani. Nilichekwa! Vile vikaragosi vya kulia kwa kicheko nilihesabu kumi na saba nikaacha. Mmoja akauliza, "Kuangalia ngoma za wachawi?" Mwingine eti, "Huko si ndo wanapelekwa watoto wa shule ya msingi?" Na CR, ambaye ni mtu mpole na sitaki kumsema, akamaliza mjadala: "Tusubiri jua."

Haya. Sasa naomba niwajibu hapa, maana kule grupuni kila nikiandika mistari miwili mtu anatupia video ya mbuzi.

Kwanza tuanze na hiyo Florence mnayoililia. Hivi mnadhani mvua ya kule ina sukari? Mvua ya kule ni maji yale yale. Tarehe 4 Novemba 1966, baada ya mvua kubwa, mto Arno ulipanda na kuingia mjini, na sehemu nyingine maji yalizidi mita sita. Watu walikufa. Msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue, ambao ulikuwa na umri wa karibu miaka 700, ulipoteza sehemu kubwa ya rangi yake. Vitabu vya Maktaba ya Taifa vilizama kwenye tope na mafuta ya kupashia moto nyumba. Na mnajua nani walikwenda kuvitoa? Wanafunzi! Vijana wa umri wetu, wengine wa hapo hapo, wengine walitoka nchi nyingine, walipanga mstari wakawa wanapokezana kitabu kimoja kimoja kutoka chini mpaka juu. Hawakulipwa. Waitaliano wakawapa jina, malaika wa matope. Nimesoma habari hiyo mara tatu na kila mara nawaza darasa letu, watu zaidi ya arobaini, tumelala kwa sababu ya matope ya kufika kituo cha daladala.

Mchoro mmoja wa Giorgio Vasari, Karamu ya Mwisho, ulizama kwenye gharika hiyo hiyo. Ulirudishwa kuonekana na watu mwaka 2016. Hesabuni wenyewe: miaka hamsini ya kuusubiri ubao uliolowa!

Na lile sanamu la Daudi la Michelangelo ambalo mnalijua hata kama hamjui mnalijua? Liliwekwa nje, uwanjani, mwaka 1504. Likanyeshewa zaidi ya miaka 360. Mwaka 1873 wakaona hapana, mawe nayo yanaliwa, wakaliingiza ndani. Linalosimama pale uwanjani siku hizi ni nakala. Kwa hiyo mtu anayefurahia Florence siku ya mvua anafurahia kazi ya watu waliojiuliza zamani, hiki chetu kikinyeshewa itakuwaje, kisha wakatafuta paa. Raha ya kwenye ile picha ni raha ya paa.

Hilo paa lenyewe lina hadithi ambayo mimi ndiyo iliyonimaliza. Familia ya Medici ndiyo iliyotawala kule, matajiri wa benki, wala sio malaika. Ukoo ukafika mwisho mwaka 1737, hakuna mrithi wa kiume. Aliyebaki ni mama mmoja, Anna Maria Luisa. Watawala wapya wanatoka nje, na wao wangeweza kubeba kila kitu wakapeleka kwao. Mama akawabana kwa mkataba: michoro, sanamu, vitabu, vito, vyote vinabaki Florence kwa faida ya watu wote, na hakuna kitu kutoka nje ya mji. Hivyo tu. Mama mmoja na karatasi. Jumba la Uffizi, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1560 kama ofisi tu za serikali, likafunguliwa kwa umma mwaka 1769, na foleni ya kwenye ile picha inaanzia hapo.

Sasa rudini nyumbani. Usukumani kulikuwa na tawala 52 za kitemi. Hamsini na mbili! Kila moja ina ngoma zake za kifalme, viti, mikuki, vitu vya kutawazia. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ikafuta utawala wa machifu. Sibishani na hilo, taifa lilikuwa linajengwa, na wengi wetu leo tusingekaa meza moja na Wahaya na Wakurya kama kila mtu angekuwa na mtemi wake. Lakini siku mtemi anapoacha kuwa mtemi, ngoma yake inakuwa ya nani? Inakaa wapi? Mvua ikinyesha, inawekwa chumba gani? Hapo ndipo tulipomhitaji Anna Maria Luisa wetu.

Na tulimpata, ingawa inaniuma kidogo kwamba alitoka Kanada. Padri David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza miaka ya 1950 pale Bujora, Kisesa, akikaa na wazee, akiuliza, akikusanya. Jumba la makumbusho likafunguliwa mwaka 1968. Hesabu tena: utemi umefutwa 1963, miaka mitano baadaye ngoma za watemi zina paa. Wale wanaosema "sisi hatuna hela za akina Medici", naomba mniambie huyu padri alikuwa na benki gani.

Basi Jumamosi hiyo hiyo, mvua ikiendelea, nikatoka. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa geto, na jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye nadhani hakuelewa vizuri tunakwenda wapi. Kwanza tulipita Mwaloni kununua mandazi, na nikaona kitu ambacho nimekiona mara mia bila kukiona. Mvua iliongeza kasi ghafla, na akina mama wa dagaa wakaruka. Hakuna aliyekimbilia kujikinga mwenyewe. Mmoja kashika pembe hii ya turubai, mwingine ile, magunia yamefunikwa kwa muda ambao sisi tulikuwa bado tunabishana nani kabeba mwavuli. Ndipo wao wenyewe wakasimama chini ya bati, wamelowa chapachapa, wanacheka. Nikamwambia mwenzangu, ukitaka kujua mtu anathamini nini, mtazame mvua inapoanza. Akaniambia nile andazi ninyamaze.

Tukabadilisha gari mjini, Mabatini, Igoma, mpaka Kisesa, kisha bodaboda kupanda Bujora, juu kwenye mawe. Nauli ya kwenda na kurudi haikufika bei ya sahani moja ya chips kuku mnayokula pale mall mkipiga selfi, kwa hiyo na habari ya hela naomba tuiweke pembeni.

Kule juu wageni tulikuwa sisi watatu. Mwenyeji aliyetupokea, mzee wa makamo, alitusalimu "mwangaluka", jamaa wa mwaka wa kwanza akajibu "poa". Tusiongelee hilo.

Siwezi kuwasimulia kila kitu na sitaki, nendeni. Ila jueni kwamba mvua ilikuwa inapiga bati na sisi tuko ndani, tumesimama mbele ya ngoma. Ngoma kubwa, ndogo, nyingine zimechakaa kwa mikono ya watu waliokufa kabla bibi zetu hawajazaliwa. Kuna banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, nyumba ya familia ya zamani. Kanisa lenyewe la parokia ni la duara, limefuata nyumba ya mtemi. Na kuna banda la vyama vya ngoma, na hapo ndipo tulipokaa saa nzima, kwa sababu mzee alianza kutueleza habari za Bagika na Bagalu.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu mpaka Jumamosi: hivi ni vyama viwili vya wachezaji vilivyoanza karne ya 19, vimetokana na waganga wawili waliokuwa washindani, Ngika na Gumha. Mashindano yao hayana jaji wa mezani. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Wenye umati mkubwa wameshinda. Ndiyo maana wanabuni kila mbinu ya kukuvuta: majembe yanayorushwa hewani kwenye bugobogobo, chatu shingoni, vichekesho, dawa. Padri Clement akalichukua hilo akalifunga na sikukuu ya Ekaristi, likawa tamasha la Bulabo kila Juni. Sasa niambieni, hiyo sio sanaa? Watu wanagombea macho yako kwa ufundi, kwa miaka zaidi ya mia, na wewe unaita "ngoma za wachawi" halafu unaomba passport ukaone sanaa.

Tena kwenye hili la uchawi nataka tuwe wakweli, hasa nyie wapendwa wa fellowship, maana nawapenda. Pale Uffizi, kwenye foleni mnayoitamani, kitu ambacho watu wengi wanakwenda kukiona ni mchoro wa Botticelli wa karne ya 15. Ni nani huyo kwenye mchoro? Venus, mungu wa kike wa Warumi wa kale, tena hana nguo. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema Florence kuna mashetani. Mkristo wa Florence anapita pale, anamwona mungu wa babu zake wa kipagani, anasema huu ni ufundi, kisha Jumapili anakwenda misa. Ila ngoma ya babu yako, iliyotunzwa ndani ya uwanja wa parokia, na padri, hiyo ndiyo itakuharibia wokovu? Hebu kuweni serious kidogo.

Na hilo Jiwe la Bismarck tunalolipigia picha kila mwaka. Jiwe zuri, sikatai, Mungu kalipanga mwenyewe. Lakini jina ni la chansela wa Ujerumani aliyeitisha mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na ambaye hajawahi kukanyaga Afrika hata dakika moja. Jina lake kila mtu anajua. Nikauliza grupuni, nitajieni mtemi mmoja kati ya wale 52. Kimya. Video ya mbuzi. Basi nawapa mmoja bure: David Kidaha Makwaia wa Usiha, ambaye mwaka 1945 aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika pamoja na Abdiel Shangali wa Machame, Waafrika wa kwanza wawili mle ndani. Hakuna anayempigia picha.

Atatokea mtu aseme makumbusho zipo, majengo yapo, haraka ya nini, tutakwenda tukimaliza chuo. Ndugu yangu, Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa katikati ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Lina jina, lina sifa, tena lilikuwa kwenye ukarabati kwa fedha za Oman. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaanguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili waliokuwa kazini wakafa. Kama jumba la Sultani linaanguka, kibanda cha babu yako kule kijijini unakipa miaka mingapi?

Nasema hivyo kwa sababu ya kitu ambacho sikukisema grupuni.

Yule mzee pale Bujora, baada ya kueleza, alitugeukia. Akamuuliza jamaa wa mwaka wa kwanza kwao wapi, akasema Sengerema. Akanigeukia mimi. Nikasema kwa mama ni Magu, na kwamba guku, yaani babu yangu, baba yake mama, alikuwa mpiga ngoma. Uso wake ukabadilika kwa furaha. "Alikuwa wa Bagika au wa Bagalu, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Mimi ninayewatukana hapa, sikuwa na jibu. Nimelala nyumba moja na yule mzee likizo zote za utoto wangu, nimekula naye ugali sahani moja, na sijawahi kumuuliza. Nilichokikumbuka ni ngoma yake. Alipofariki ilibaki jikoni, na jiko lilikuwa linavuja. Hakuna aliyeisogeza. Ngozi ikalowa, ikakauka, ikalowa, ikapasuka, ikabaki gogo lenye tundu. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa uani, imelazwa ubavu, kuku wanatagia ndani. Na mimi nilikuwa natumwa mayai humo. Nilikuwa naingiza mkono ndani ya ngoma ya babu yangu kutoa mayai, na nilikuwa naona ni jambo la kuchekesha.

Mzee hakusema kitu. Alisubiri kidogo, kisha akaendelea na maelezo kwa yule wa Sengerema.

Mvua ilikatika saa tisa. Tulishuka kwa miguu mpaka barabarani, jamaa wa mwaka wa kwanza njia nzima anauliza maswali, mpaka nikaona aibu kwamba nilimchukua kama wa kujazia namba. Jumamosi ijayo anataka kurudi. Nami nakwenda. Tunakutana Kirumba saa mbili asubuhi, karibu na uwanja, kwenye geti wanapouza mahindi ya kuchoma, na tunakwenda hata ikinyesha. Hasa ikinyesha. CR, na wewe nakusubiri, sina kinyongo.

Jioni ile ile nilimpigia mjomba Magu. Nikamsalimia, nikauliza hali ya mashamba, kisha nikamuuliza guku alikuwa upande gani. "Bagalu," akasema, kama vile nimemuuliza jina la ziwa. "Kwani mama yako hakukwambia?" Nikamwambia naiomba ile ngoma, aiondoe uani aiweke ndani, mahali pakavu, nitakuja kuichukua mwisho wa mwezi.

Akacheka mpaka simu ikakoroma. Akaniambia haiwezekani sasa hivi. Kuku ameatamia mle, mayai kumi na moja, nisubiri siku ishirini na moja.